Ng'ombe Walio Bomani kwa Wengine

Mhadhara wa umma

Naibu Chansela, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee na akina mama mliopanda mlima kutoka Soin asubuhi ya leo: chamgei.

Mada niliyopewa ni utajiri wa kweli, ule unaozidi fedha. Niliipokea kwa mashaka. Huku kwetu Kericho na Bomet, mtu akikwambia fedha si kila kitu, mwangalie kwanza viatu. Mchumaji wa majani chai ameyasikia maneno hayo miaka mingi, na mara nyingi msemaji ndiye aliyekuwa na sababu ya kutomwongezea ujira. Mwezi Mei 2023, mashine za kuchuma majani zilipochomwa moto hapa Kericho, waliozichoma hawakuwa wakitafuta mahubiri juu ya maana ya maisha. Walitaka kazi. Kwa hiyo leo sitahubiri. Nitazungumza juu ya ng'ombe.

Zamani, kabla ya hati miliki na seng'enge, Mkipsigis mwenye mifugo mingi hakuilaza yote katika boma lake. Aliitawanya kwa desturi iitwayo kimanagan. Wawili angewapeleka kwa rafiki yake kule chini Soin kwenye joto, mmoja kwa mtu wa Bureti, mwingine kwa shemeji aliyehamia karibu na mpaka wa Wamaasai. Aliyepokea alimlisha mnyama, akamkamua, watoto wake wakanywa maziwa, na samadi ikawa yake. Ng'ombe na uzao wake walibaki mali ya mwenyewe, ingawa mtunzaji mwema hakuachwa mikono mitupu miaka ilipopita. John Peristiany, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu chake juu ya Wakipsigis mwaka 1939, aliikuta desturi hiyo ikiwa hai.

Sababu yake ya kwanza haina fumbo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki, na wakati wowote wavamizi wangeweza kubisha usiku. Tena ninyi wa Soin mnajua nyasi zenu hukauka huku Kericho juu kukiwa bado kunanyesha kila alasiri. Aliyeweka mali yote boma moja angeweza kulala tajiri akaamka fukara. Lakini tazameni matokeo yake. Ukiingia bomani kwa mzee ukahesabu ng'ombe, hujajua lolote: huenda nusu si wake, na huenda alio nao kweli wametapakaa vilima saba. Afisa mikopo wa benki angerudi mjini bila kujaza fomu. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku bara daftari lilikuwepo, ila kurasa zake zilikuwa vichwa vya watu, na kila mwenye ukurasa alipaswa kubaki mwaminifu ili hesabu isomeke.

Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa juu ya namna utajiri unavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Aliyetangulia katika orodha ya waandishi ni Monique Borgerhoff Mulder, ambaye katika miaka ya 1980 alifanya utafiti kwa Wakipsigis wa Abosi. Walilinganisha jamii 21, kutoka Wahadza wa Tanzania hadi wakulima wa Uingereza ya zamani, wakaugawa utajiri mafungu matatu: ule wa mwilini, kama nguvu na afya, ule wa vitu, kama ardhi na mifugo, na ule wa mahusiano. Kwa Wakipsigis, fungu hili la tatu walilipima kwa kitu mnachokifahamu: idadi ya watu ambao mtu alishirikiana nao ng'ombe.

Nawaomba msikilize walichokikuta. Mwana wa mwenye ardhi kubwa alielekea kuwa na ardhi kubwa. Mwana wa mwenye mifugo mingi, vivyo hivyo, na kwa nguvu zaidi. Ila washirika wa ng'ombe karibu hawakurithika kabisa. Baba aliyekuwa na washirika wengi hakumhakikishia mwanawe hata mmoja.

Mimi nauona huu kuwa ufunguo wa mada ya leo, kuliko methali zote tunazotundika ukutani. Baba yako anaweza kukuachia ng'ombe ishirini. Hawezi kukuachia yule mtu wa Bureti ambaye, ng'ombe wako akiugua usiku wa manane, atatembea hadi kwako kabla hakujakucha kukupa habari, badala ya kumchinja na kunyamaza. Mtu huyo utamtafuta mwenyewe, na yeye atakupima mwenyewe. Utajiri wa vitu una mlango wa nyuma uitwao urithi. Huu wa mahusiano hauna. Ndiyo maana wazee walimheshimu mwenye nao hata kama boma lake lilionekana tupu.

Najua kuna kijana hapa ambaye tayari ana swali: Mwalimu, na asiye na ng'ombe wa kumpa mtu? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloniweka mbali na wahubiri. Kimanagan ilihitaji ng'ombe. Urafiki mtupu haukamuliki. Lakini ilimfaa pia aliye upande wa kupokea, kwa sababu ilitenganisha kumiliki na kutumia. Kaya isiyo na ng'ombe hata mmoja iliweza kuwa na kibuyu cha mursik pembeni mwa nyumba. Mnaijua kazi yake: sotet, yaani kibuyu chenyewe, husuguliwa ndani kwa kijiti cha senetwet kilichochomwa hadi kikawa kaa, unga mweusi ukashika ukuta wa kibuyu, ndipo maziwa yakamiminwa na kuachwa yagande kwa siku kadhaa. Yakitoka, yana michirizi ya kijivu kama moshi. Mtoto aliyeyanywa hakuulizwa ng'ombe ni wa nani. Umaskini wa kukosa mali ulikuwepo, na ulitambulika. Ila haukuwa lazima uwe umaskini wa kukosa maziwa.

Wakoloni waliielewa nguvu ya mahusiano mapema kuliko wasomi. Walipotaka kuwavunja Watalai, ukoo wa viongozi wa dini na unabii ambao waliwaogopa, hawakutosheka na kuchukua vitu. Mwaka 1934 walitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa, wakawahamisha kwa mamia, wazee kwa watoto, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Wengi hawakurudi hadi uhuru ulipokaribia. Waliporudi, walikuta jambo ambalo fidia yoyote itapata taabu kulihesabu: majirani waliokuwa wamejifunza kuishi bila wao. Shauri la ardhi na haki zao limefika hadi Umoja wa Mataifa, na nawaunga mkono wanaolidai. Nasema tu kwamba ekari zina bei, na hilo jingine sijui litaandikwa safu gani.

Kisha ikaja chai. Brooke Bond na James Finlay walianza mashamba makubwa hapa katikati ya miaka ya 1920, na baada ya uhuru mkulima mdogo naye akapanda, chini ya mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1964 ambayo leo ni KTDA yenye wakulima zaidi ya 600,000. Chai imesomesha. Imeezeka mabati. Wengi wetu tuliomo ukumbini humu tumelipiwa karo na majani mabichi, na anayedharau hilo hana adabu.

Lakini mchai una tabia tofauti na ng'ombe. Hauendi popote. Huwezi kuupeleka ukae kwa rafiki yako Sigowet mwaka wa ukame. Umesimama kwenye kipande kimoja chenye hati yenye jina moja, na majani yake sharti yachumwe na kufikishwa kiwandani siku hiyo hiyo, yaandikwe kilo kwenye nambari ya mkulima mmoja. Kila mwezi malipo kidogo, Oktoba bonasi. Na bonasi za huku magharibi mwa Bonde la Ufa, mnajua wenyewe, zimekuwa zikiwa chini ya zile za mashariki mwaka baada ya mwaka, hivyo mkulima hupokea Oktoba fedha alizokwisha kuzila kwa mkopo tangu Mei. Mtu wa namna hiyo hana cha kuweka kwa mwenzake. Siku mgonjwa wake akizuiliwa hospitalini kwa bili, anaunda kundi la WhatsApp na kuomba, na hapo ndipo anapogundua ana majina mia tatu kwenye simu na washirika wangapi.

Sisemi turudi kwenye kimanagan. Ardhi imegawanyika, ng'ombe wa gredi anataka dawa na lishe, na mwizi wa mifugo siku hizi anakuja na lori. Tena desturi ile ilikuwa ya wanaume. Mke alikamua ng'ombe wa watu bila kushirikishwa katika mapatano. Hata hivyo, ukitaka kuona inaendelea wapi leo, usiangalie wanaume. Katika nyumba nyingi za Wakalenjin, maziwa ya asubuhi huenda kuuzwa na fedha zake huwa za mume. Ya jioni ni ya mama. Kutokana na hayo ya jioni anawalisha watoto, anampelekea jirani aliyejifungua, anapata mchango wake wa chama wa juma hilo. Anaweka kidogo kwa wengi. Zamu yake ikifika analipa karo, na msiba ukimfika hapigi simu. Wanawake wanakuja wenyewe na kuni na sufuria.

Hao ndio matajiri niliowakusudia, na wamefika hapo kwa lita moja au mbili kwa siku. Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa wazee wenye chai. Mchumaji wa majani yenu ni mke na binti, na nambari kiwandani ni yenu. Wako wanaume katika kaunti hizi ambao wamekwisha kuigawa michai, wakamwandikisha mama sehemu yake kwa jina lake. Ulizeni kwenye kituo chenu cha kupimia majani inavyofanyika, na mfanye kabla ya Oktoba, si baada ya bonasi kuingia.

Maswali yaje kwa Kiswahili au Kipsigis. Nitaanza na upande wa akina mama.