KARANTINI: UKWELI WA NAHODHA NA HAKI YA MSAFIRI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Laasiri, Macalder, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan.)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na swahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu, nilipoambiwa nizungumze juu ya maradhi na safari, nilichagua kuzungumza juu ya meli. Najua mtaniuliza, "Ustadh, Macalder na meli wapi na wapi?" Bahari iko mbali, ni kweli. Lakini ziwa liko hapo Karungu na Muhuru, mashua zinavuka usiku na mchana. Mpaka wa Isebania hauko mbali. Na kwenye mashimo ya dhahabu hapa kwetu, watu wanatoka kila upande. Basi na sisi ni watu wa bandari, hata kama hatujijui.

MTUME ALITANGULIA

Tunajua sote mafundisho ya Mtume (S.A.W.), yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba tukisikia tauni iko katika nchi tusiingie, na ikitokea tulipo tusitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari ya tauni. Akashauriana na Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi hiyo, na Umar akamshukuru Mola wake.

Angalieni hapo, khalifa mwenyewe ndiye aliyerudi. Hakuwazuia watu wadogo yeye akapita. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

UWONGO WA NAHODHA

Sasa twende kwenye meli. Mwaka wa 1865 kipindupindu kiliingia katika Hijja. Inakisiwa kwamba katika mahujaji 90,000 hivi walikufa kama 15,000. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwezi wa Mei mwaka huo, meli ya mvuke iliyobeba mahujaji kutoka Jeddah ilitia nanga Suez. Nahodha akaulizwa habari za abiria wake. Akasema waliokufa njiani hawakufa kwa maradhi ya kuambukiza. Kumbe maiti zaidi ya mia moja zilikuwa zimetupwa baharini! Abiria wakashuka, wakapanda gari la moshi kwenda Alexandria. Baada ya muda mfupi Alexandria inazika watu, na kutoka hapo meli zikayapeleka maradhi mpaka bandari za Ulaya.

Ndugu zangu, sheria ya bandari ilikuwepo. Iliyokosekana ni kauli ya kweli ya mtu mmoja. Pengine alihofia kucheleweshwa au kupata hasara. Lakini daktari wa bandari hana jicho la kuona ndani ya matumbo ya watu. Anategemea nahodha aseme kweli.

Wimbi lile la kipindupindu halikuishia huko. Mwaka wa 1869 na 1870 lilifika Unguja, likaua watu maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, alifuatilia njia yake akaona kwamba halikuja moja kwa moja kwa meli. Lilipita bara na misafara, likatokea Pangani, ndipo likavuka. Kwa hivyo ukilinda mlango mmoja tu, mwingine uko wazi.

SHERIA BILA HAKI

Lakini jamani, tusimlaumu msafiri peke yake. Baada ya msiba ule serikali za dunia zilikutana Istanbul mwaka wa 1866. Kuanzia mwaka wa 1882 dola ya Uthmaniyya ikaweka kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, karibu na Yemen. Mahujaji wa kutoka India na nchi za mbali walishushwa hapo, nguo zao zikatiwa dawa, wakakaa siku kadhaa, na juu yake wakalipishwa ada. Malalamiko yalikuwa mengi. Na wakati huo huo, meli za biashara zilizotoka India hiyo hiyo zilitetewa na Uingereza zipite mfereji wa Suez bila kucheleweshwa. Hujaji maskini azuiwe, shehena ya tajiri ipite. Je, hapo mtu ataamini kwamba sheria hii ni ya afya?

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka wa 1895 huko Jeddah hasira juu ya hatua za karantini zilipanda. Mashine ya kutia nguo dawa ikavunjwa Makka. Mabalozi wa nchi za nje wakashambuliwa nje ya mji wa Jeddah, na Dkt. Abdur Razzack, tabibu Mwislamu kutoka India aliyekuwa naibu balozi wa Uingereza, akauawa. Dhulma haihalalishi damu, hata kidogo. Lakini tujifunze kwamba sheria njema ikitekelezwa bila haki, watu huichukia sheria yenyewe, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyekuja kuwatibu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunacho kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Katika miaka ya 1890 Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza wa serikali ya Zanzibar, alijenga jela pale. Wafungwa hawakuwekwa, pakageuzwa kuwa karantini. Meli ikishukiwa, abiria wake walipelekwa kisiwani wakaangaliwa wiki moja mpaka mbili, hasa kati ya Disemba na Machi, msimu wa kaskazi. Miezi ambayo hapakuwa na wagonjwa, kisiwa hicho kilikuwa mahali pa mapumziko. Mpaka leo watu wengi wanakiita Kisiwa cha Jela. Hebu fikirieni, mahali pa kuwalinda watu pamebaki na jina la kifungo!

NA SISI JE?

Wako wanaosema hayo ni ya wakoloni, yamepita. Hayajapita. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 hospitali za Nyanza zilipokea wagonjwa wa kipindupindu 14,275, na 547 kati yao wakafa. Waliochunguza walikuta hatari ilikuwa katika kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mtu anayeharisha, na chakula cha matangani. Haya ni mambo yetu ya kila siku, si ya meli kutoka Jeddah.

Nitawaambia na langu. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, misikiti imefungwa na mpaka wa Tanzania umefungwa isipokuwa kwa mizigo, jamaa yangu alivuka kwa mashua usiku asipimwe. Alikuja akala futari kwetu, na mama yangu mzee ameketi pale pale. Nilijua, nikanyamaza. Niliona haya kumwambia kaa kando. Alhamdulillahi hakuna aliyeugua. Lakini kusalimika kwetu hakuifanyi kimya changu kuwa halali. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nahodha wa Suez.

Basi vijana, niwausie mambo machache, na nafsi yangu kwanza. Unapoharisha, sema, na usiandae futari ya watu. Maji ya futari yachemshwe au yatiwe dawa. Tunawe kwa sabuni, maana udhu wa maji machafu hauui vijidudu. Ukiulizwa mpakani au zahanati ulikotoka, sema kweli hata ukichelewa.

Na nyinyi mliopewa kusimamia, uwe chifu, afisa wa afya au mwanakamati wa msikiti, mfuateni Sayyidna Umar. Shaurianeni na watu, sheria ianze kwenu, na tajiri asipite pale maskini anapozuiliwa. Tena anayezuiliwa apelekewe chakula na maji. Mtu akifungiwa na njaa atatoroka, na atatoroka na maradhi yake.

Saumu inatufundisha kujizuia hata pale hakuna anayetuona. Karantini nayo ni hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.