Nusu ya Darasa Iko Bondeni: Likizo, Utoro na Msimu wa Kuamia Ndege

Mwezi Aprili 2015 mkazi mmoja wa Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, aitwaye Jon Platt, alimpeleka binti yake Florida kutembea ilhali shule zimefunguliwa. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumnyima ruhusa. Mtoto akakosa siku saba za masomo, baba akatozwa faini ya pauni 60, ikapanda hadi 120 alipogoma kulipa, na shauri likapelekwa mahakamani. Katika ngazi za chini alishinda. Tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoandikwa na Lady Hale, ikaupindua ushindi huo: kuhudhuria shule kama sheria inavyotaka si kuhudhuria siku nyingi tu, ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni zilizowekwa na shule. Katika hoja za mahakama ipo moja inayotuhusu hata sisi tulio mbali na Florida. Mtoto akiondoka na kurudi, mwalimu hulazimika kumrudia alichokosa, na wenzake husubiri. Safari ya familia moja hulipiwa na darasa zima.

Naikubali hoja hiyo. Nitaitumia leo kutetea jambo ambalo majaji wale hawakuwa nalo mbele yao, maana Rufiji na Kibiti, wilaya mbili za bonde la Mto Rufiji, mtoto hatolewi shule kwenda kutembea. Hutolewa kwenda bondeni. Mpunga unapoanza kutunga, familia hufunga mlango kijijini, hubeba sufuria, magodoro na kuku, ikahamia kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na kukaa huko wiki kadhaa, pengine miezi, ikiamia ndege. Daftari la mahudhurio halina alama ya kuamia. Lina alama ya kuwapo na ya kutokuwapo, na kutokuwapo bila cheti cha zahanati huitwa utoro. Ninachotaka kusema ni hiki: mtoto mmoja akiondoka, hilo ni suala la ruhusa, na ruhusa inaweza kukataliwa kwa haki. Nusu ya darasa ikiondoka, mwaka baada ya mwaka, majuma yale yale, kwa sababu ile ile, hilo si suala la ruhusa tena. Ni suala la kalenda, na kosa liko kwa aliyeipanga.

Tuutazame mwaka wa bonde lenyewe. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, tangu Desemba na kuendelea. Mafuriko ya mto hufikia kilele chake karibu na Aprili, na mavuno huja Juni hadi Julai. Maji yakishateremka watu hupanda mlau, yaani mahindi na mboga kwenye udongo uliobaki na unyevu. Kati ya hapo mkulima ana vita viwili. Vya kwanza ni vya kulinda mbegu na miche michanga. Vya pili, vilivyo vikubwa zaidi, ni vya majuma ya mwisho kabla ya kuvuna, kwelea kwelea wanapotua kwa makundi alfajiri na jioni, nguruwe pori na viboko wakaja usiku, na kwa vijiji kama Ngarambe, vilivyopakana na hifadhi iliyokuwa Selous, tembo wakaongezeka juu yao. Shamba lililoachwa siku mbili bila mlinzi katika majuma hayo linaweza lisivunwe kabisa. Sasa tuifungue kalenda ya shule. Muhula wa kwanza huanza Januari, yaani katikati ya kupanda. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka huanza mapema Juni na kudumu karibu mwezi, baada ya Mei nzima ya kuamia kupita shuleni, angalau kwa maandishi. Kalenda hizi mbili zinakaribiana kiasi cha kusikitisha: zimepishana kwa majuma machache tu, na katika majuma hayo ndimo sifa ya utoro inapopatikana.

Atakayesema kwamba mzazi angemwacha mtoto kijijini asome, aangalie kwanza umbali kati ya kijiji na shamba, kisha aulize nani aliuumba. Zamani Warufiji waliishi ndani ya bonde, nyumba zikitawanyika kwenye miinuko midogo, na dungu lilikuwa karibu na mlango. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, 1968 na 1969, na watu wakahamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa nje ya bonde. Palikuwa na nia njema, na palikuwa na faida: shule, zahanati na barabara vilijengwa huko juu. Mashamba hayakuhamishwa, kwa sababu udongo hauhamishiki. Tangu hapo dungu likaacha kuwa jukwaa la mlinzi likawa nyumba ya pili, na kila kaya ikawa na makazi mawili yaliyotenganishwa na mwendo wa saa kadhaa, mara nyingine na mtumbwi. Kwenye delta hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine: mashamba ya mpunga yako kando ya mikoko, wavuvi wako dago, kwenye kambi za uvuvi, na shule iko kisiwa kingine. Mzazi wa bondeni basi ana njia mbili. Amchukue mtoto, akose masomo. Au amwache kijijini na bibi aliyezeeka, au na dada wa miaka kumi na mitatu aliyegeuzwa mama wa nyumba kwa miezi miwili, akipika, akiteka maji, akilala bila mtu mzima. Hii ya pili ndiyo tunayoiita mahudhurio mazuri. Sina hakika kama kila anayeisifu angekubali kumwachia hivyo binti yake mwenyewe.

Ngarambe ni mahali pa kufaa kukumbukia kwamba mgogoro wa muda ni wa zamani katika nchi hii. Huko ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale, na huko ndiko watu walikomiminika 1904 na 1905 kufuata maji yake ya dawa, yaliyosemwa kuzuia risasi. Vitabu vya shule huyataja maji na risasi, huutaja pia mti wa Mohoro alikonyongewa Kinjikitile, Agosti 1905, lakini hupita haraka kwenye kitu kilichowachosha watu kabla ya hapo: mashamba ya pamoja ya pamba ya serikali ya Kijerumani, yaliyoanza 1902. Kwa mpango, kila mtu alitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Kwa vitendo siku zilizidi, na uchungu haukuwa hesabu yake pekee bali wakati wake, kwa kuwa pamba ilidai mikono majuma yale yale ambayo shamba la chakula liliidai. Huko Nandete, Umatumbini, uasi dhidi ya Wajerumani ulipoanza mwishoni mwa Julai 1905, kitu cha kwanza kung'olewa kilikuwa miche ya pamba. Silinganishi shule na pamba. Mwenye kulinganisha hivyo anadhulumu shule na anadhulumu waliokufa. Nasema tu kwamba mkulima wa hapa amekwisha kuona amri ya serikali ikikaa juu ya msimu wake, na kwamba akiona ya pili hana sababu ya kuamini haraka kwamba hii ni ya heri.

Wala si kweli kwamba kalenda ya shule Tanzania haijali familia ya mtu yeyote. Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi na Arusha hujaa hadi nauli ikapaa. Familia za Kichaga zinarudi nyumbani kula Krismasi, watoto wamo, na hakuna mtendaji wa kata anayewasimamisha stendi kuuliza habari za utoro, kwa sababu shule zimefungwa. Kalenda imewasubiri. Sisemi haya kwa wivu. Ni jambo jema familia kukutana. Lakini linathibitisha kwamba kalenda imetengenezwa na watu, kwa kuangalia maisha ya baadhi ya watu, na iliyotengenezwa hivyo inaweza kutengenezwa tena. Julius Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliishutumu shule iliyomng'oa kijana kutoka kazi za jamii yake na kumrudisha akiwa mgeni. Tulichukua kutoka andiko lile bustani za shule na majembe ya asubuhi. Kumfundisha mtoto wa bondeni kilimo shuleni mwezi Mei, huku tukimwandikia utoro kwa kulinda mpunga wa nyumbani mwezi huo huo, ni mzaha ambao Mwalimu mwenyewe asingecheka.

Zipo njia mbili za kushughulikia kuondoka, na zote mbili si ngeni. Ya kwanza ni kuifanya shule iweze kumpokea anayerudi. Chuo cha Kurani cha pwani kimefanya hivyo kwa karne nyingi: kila mtoto ana juzuu yake na ukurasa wake, akiondoka na baba yake kwenda kuvua, akirudi huanzia alipoachia, na mwenziwe hakumsubiri. Tunaweza kulaumu mengi katika ufundishaji wa chuo, fimbo ikiwa mojawapo, lakini katika hili kiliizidi shule. Colombia waliunda Escuela Nueva mwaka 1975 kwa ajili ya shule za vijijini, wakatunga vitabu vya kujiongoza ili mtoto aliyekwenda kuvuna aendelee kwa mwendo wake. Uganda ilianzisha mpango wa ABEK huko Karamoja mwaka 1998, masomo yakawekwa asubuhi na jioni ili wachungaji wasilazimike kuchagua kati ya ng'ombe na herufi. Nasi tunayo MEMKWA kwa waliokosa, na tunazo shule shikizi kwa walio mbali. Njia ya pili ni rahisi kuliko zote hizo: kusogeza likizo. Mwaka wa masomo una siku 194. Rufiji na Kibiti hazihitaji kupunguziwa hata moja. Zinahitaji likizo ya katikati ya mwaka ianze Mei badala ya Juni, na mapumziko mafupi yapangwe na halmashauri kwa kuangalia mto.

Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka kila mtoto aandikishwe na ahudhurie, na mzazi anayezembea ana hatia. Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapotoka: ukimsogezea mkulima likizo, umehalalisha ajira ya watoto. Pingamizi hili ni zito, na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayoruhusu kazi nyepesi tangu miaka 14, haiko kwa mapambo. Mtoto wa miaka tisa anayekesha akipiga debe kumfukuza tembo hafanyi kazi nyepesi, na mzazi wake aambiwe hivyo bila kuzungushwa. Lakini likizo haimwamuru mtoto kufanya kazi, kama vile likizo ya Desemba haimwamuru kula pilau. Inamruhusu kuwa mahali walipo wazazi wake. Kinachofanyika hapo kinasimamiwa na sheria nyingine, na ni rahisi zaidi kukisimamia kikijulikana kuliko kikifichwa kwa hofu ya mgambo.

Wengine wataniambia kwamba bonde lenyewe linabadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto ulio chini yake hautakuwa tena ule wa babu zetu. Kweli, lakini Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, bwawa likiwapo. Mto usiotabirika haunipingi. Unaongeza sababu ya uamuzi wa tarehe kufanywa na halmashauri, Utete na Kibiti, ambako maji yanaonekana, kuliko Dodoma.

Pingamizi linalonipa taabu ni la walimu. Wengi wao si wa hapa. Mwalimu kutoka Kagera au Mbeya husubiri Juni aende kwao, ambako watoto wake wengine pengine wanasoma kwa kalenda ya kawaida. Ukisogeza likizo ya Rufiji, unamfanyia yeye kile kile ninacholalamika kwamba mkulima anafanyiwa. Sina jibu kamili. Naweza kusema tu kwamba mwalimu anayefundisha madawati matupu mwezi Mei, kisha akalaumiwa kwa matokeo ya mtihani wa Septemba, naye hajatendewa haki, na kwamba tofauti ya majuma matatu inaweza kufidiwa kwa nauli na siku za ruhusa, ilhali msimu wa mpunga haufidiwi.

Kuhusu ngoma, ambazo nazo huwatoa watoto shuleni, nitasema kwa ufupi. Mavuno yakiingia, chakula kipo, na unyago hufuata, mara nyingi katikati ya muhula wa pili. Viongozi wa Lindi na Mtwara wameagiza mara kadhaa kwamba jando na unyago vifanywe wakati wa likizo, na katika hili nawaunga mkono. Ngoma inaweza kungoja majuma manne. Kwelea kwelea hawangoji. Ndiyo tofauti ninayoitaka iwe wazi: anayeondoka kwa jambo linaloweza kungoja aombe ruhusa, na mwalimu mkuu awe na haki ya kumkatalia kama alivyokataliwa Bwana Platt.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha wala mradi. Kila shule ya msingi ya wilaya hizi mbili ina madaftari ya mahudhurio ya miaka iliyopita kabatini kwa mwalimu mkuu. Afisa elimu ayakusanye ya miaka mitatu, achore mstari wa mahudhurio kwa kila juma, kijiji kwa kijiji, Ngarambe mbali na Nyamisati, kwa kuwa mlima, bonde na delta havina msimu mmoja. Mahali mstari unapoanguka kwa pamoja, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, hapo ndipo likizo inapotakiwa kuanza.