Tupime Kwanza, Ndipo Tununue Beringi

(Mada iliyotolewa kwa kamati za miradi za sharika)



Karakana zetu zinategemea mashine ya kukereza vyuma, ambayo mafundi wanaiita lethi. Ikianza kutetemeka na kuacha alama za mawimbi kwenye kazi, ombi linalotufikia mara nyingi ni moja: beringi zimekufa, zinahitajika fedha. Beringi za spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi, ni za usahihi mkubwa na bei yake ni kubwa. Zikibadilishwa bila sababu, fedha ya waumini imepotea, mashine inabaki mbovu na vijana wanakaa bila mafunzo. Kwa hiyo tunapendekeza hatua tano ambazo fundi anaweza kuzimaliza kwa siku moja.

Kwanza, aangalie vyanzo vya karibu. Kisu butu au kilichochomoza mno, chuma kirefu kisichoegemezwa kwenye mkia wa mashine, na slaidi zilizolegea, vyote huleta mtetemo. Kuvirekebisha hakuhitaji kununua beringi.

Pili, azime umeme kwenye swichi kuu, aondoe kishikio cha mataya na kusafisha pua ya spindo. Aegeshe hapo saa ya kupimia yenye mshale, kisha azungushe kwa mkono. Mshale usipozidi milimita 0.01, spindo inazunguka vizuri. Kama chuma kilikuwa kinayumba kishikio kikiwa mahali pake, basi mgonjwa ni kishikio, si beringi.

Tatu, saa ikiwa palepale, ainue spindo kwa mti bila kutumia nguvu nyingi, kisha aiachie. Chuma hupinda kidogo na kurudi. Lakini mshale ukiruka ghafla, au usiporudi ulipoanzia, kuna uwazi ndani ya beringi. Arudie kwa kusukuma na kuvuta spindo kwa urefu wake, saa ikigusa uso wa pua.

Nne, alegeze mkanda, aweke gia huru na kuzungusha polepole. Akisikia mikwaruzo, beringi zimechimbika au zimeingia uchafu. Kisha arudishe mkanda, awashe mashine kwa kasi ya wastani kwa nusu saa, na kugusa nje ya kichwa cha mashine. Joto la vuguvugu ni la kawaida. Mkono usipovumilia, huenda nati imekazwa mno au oili haifai.

Tano, arudishe kishikio, akereze kipande kinene na kifupi kwa kina kidogo, apime. Kipenyo kikitofautiana ncha kwa ncha, kwa kawaida kichwa cha mashine hakijalingana na reli zake. Kikitofautiana mahali pamoja, yaani kazi haikutoka duara, hapo ndipo tushuku beringi.

Hata uwazi ukionekana, bado kuna hatua kabla ya duka. Lethi nyingi zina beringi za roli zilizokaa mshazari, na uwazi wake hupunguzwa kwa kukaza nati ya nyuma. Fundi aikaze kidogo kidogo, akirudia vipimo kila mara. Beringi iliyochimbika, hata hivyo, haiponi kwa kukazwa; hiyo ibadilishwe.

Tunaziomba kamati zisipitishe ombi la beringi lisilo na vipimo vilivyoandikwa, kabla na baada ya kukaza nati. Kumwuliza fundi namba si kumdharau. Fundi mzuri atafurahi kuzionyesha. Nanyi wafadhili, mkitaka kusaidia karakana, anzeni na saa ya kupimia na stendi yake ya sumaku. Hugharimu kidogo kuliko jozi ya beringi za spindo, na vijana watajifunzia kila siku.