Mtoto Mnene Si Lazima Awe Mwenye Afya
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Tunashukuru mmekuja ingawa ni wakati wa palizi. Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya miili ya watoto wetu, na kwanza tutaungama kosa letu.

Kikundi chetu kilikuwa na kibanda karibu na lango la shule. Tuliuza mandazi, chipsi na soda. Faida ilikuwa nzuri: ilisaidia karo na kutununulia tangi la maji. Mteja wetu mmoja alikuwa mjukuu wa mwanachama mwenzetu, mvulana wa miaka 9. Alipoanza kunona tulimsifu nyanya yake: "Huyu kweli analelewa!" Baadaye mtoto akawa anahema akipanda kilima. Shingo yake ikawa nyeusi kwa nyuma, na nyanya akamsugua kwa sabuni kila jioni akidhani ni uchafu. Haukutoka.

Kwenye zahanati tuliambiwa kwamba ule si uchafu. Ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nzito namna hiyo kwa mtoto mnene, mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri. Insulini ndiyo inayofungulia sukari ya damu mlango iingie katika chembe za mwili. Mlango ukiwa mgumu, mwili hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na siku ukichoka, kisukari huingia.

Sasa, mambo haya hutokeaje? Fikirini jiko la makaa. Makaa yakiwa kiasi na hewa ikipita, moto ni safi. Ukirundika makaa hadi juu, utapata moshi na cheche. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vijiko vidogo sana vinavyochoma chakula kwa oksijeni ili tupate nguvu. Cheche kidogo hutoka kila siku, nao mwili una njia zake za kuzizima, zikisaidiwa na mboga na matunda. Lakini chakula kikizidi na mchezo ukipungua, cheche huwa nyingi kuliko maji ya kuzizima. Wataalamu huita hali hii mkazo wa oksidesheni. Cheche hizo huunguza chembe na kuta za mishipa ya damu. Mafuta yaliyojaa mwilini nayo hayakai kimya. Hutoa kemikali zinazoleta uvimbe wa ndani usioonekana. Hapo insulini hushindwa zaidi, mafuta huingia kwenye ini, na presha hupanda, hata kwa mtoto.

Na mtoto bado anakua. Anapobalehe, insulini hupungua nguvu kwa muda hata kwa mtoto mwenye afya. Aliye mnene kupita kiasi hubeba mzigo mara mbili.

Mtasema huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Hapana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 37 wa chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa umri huo, 18 wamedumaa na 3 wamezidi uzito. Msidhani hao ni watoto wa dunia mbili. Aliyekosa lishe tumboni mwa mama au akiwa mdogo, anaweza kunenepa upesi baadaye akilishwa sukari na mafuta.

Basi tufanye nini?

1. Tunyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata maji, kisha tuendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.
2. Soda isiwe kinywaji cha kila siku. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari kama vijiko 8 vya chai. Maji safi yanatosha.
3. Ugali usijaze sahani. Tuweke terere, managu au kunde, na maharagwe, omena au yai. Mapera na papai tusiyauze yote sokoni.
4. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji angalau dakika 60 za kucheza au kazi ya kutoa jasho kila siku.
5. Kliniki ipime uzito na urefu pia. Uzito peke yake hautoshi.
6. Tusimwachishe mtoto kula, wala tusimcheke. Mara nyingi inatosha uzito usipande huku kimo kikiongezeka. Shauri hilo litoke kwa mhudumu wa afya.

Na kibanda je? Tulibishana mikutano miwili. Mweka hazina alisema tukiacha soda, tufunge kabisa. Mwishowe nyanya wa yule mvulana alisimama akasema, "Tangi tulinunua kwa shingo ya mjukuu wangu." Hakuna aliyemjibu.

Siku hizi tunauza mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi na njugu. Hatutawadanganya: faida ilishuka, na bado haijarudi ilivyokuwa. Tangi la pili tunalingoja. Mvulana bado anaenda kliniki, lakini kilima anakipanda bila kusimama.

Samaki mkunje angali mbichi. Mkirudi kwenye vikundi vyenu, fungueni kitabu cha hesabu mwulizane: faida hii, nani anailipa?