Kitalu Nyumba Chini ya Jua la Utosi



Nimekuja kutetea jambo moja. Kitalu nyumba kinachozifaa wilaya za Ngara na Biharamulo kijengwe kwanza kwa ajili ya kutoa joto, ndipo tufikirie namna ya kulihifadhi. Michoro mingi tunayoletewa inafanya kinyume, kwa kuwa ilichorwa kwa ajili ya nchi za baridi. Shouguang, katika jimbo la Shandong nchini China, iko karibu nyuzi 37 kaskazini mwa Ikweta. Mkulima wa huko hujenga ukuta mnene wa udongo upande wa kaskazini, hufunika upande wa kusini kwa nailoni, na jioni huishushia nailoni hiyo mikeka mizito. Huvuna mboga katikati ya majira ya baridi akitegemea jua tu. Ni ufundi ninaouheshimu sana. Lakini ukuta ule unapata moto kwa sababu jua la Desemba kule hukaa chini, upande mmoja wa anga.

Sisi tuko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni jua letu huinamia kaskazini kwa nyuzi 26 hivi kutoka utosini, na Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 21. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linasimama utosini hasa. Ukuta mnene upande mmoja hautusaidii kitu. Jua linatuingilia kwa paa, na saa sita ya siku isiyo na mawingu kila mita ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Nyumba ya mita 8 kwa 15 inapokea kilowati 120, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, mazao yanaumia. Nyanya ikikaa kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi, chavua yake hushindwa kazi na maua hupukutika. Mkulima hulaumu mbegu au mbolea, kumbe kosa liko kwenye paa.

Kwa hiyo fundi aanze na matundu. Ya pembeni yafikie angalau asilimia 20 ya eneo la sakafu, na yale ya juu, kwenye mgongo wa paa, yakaribie kiasi hichohicho. Paa liinuliwe, maana hewa ya moto hupanda, na kadiri safari yake ya kwenda juu inavyokuwa ndefu ndivyo inavyovuta hewa baridi kutoka chini. Nyumba itazame upepo kwa ubavu wake mrefu, na tundu la juu lifunguke upande ule upepo unakoelekea, ili upepo unapopita uinyonye hewa ya ndani.

Hapa kuna mgogoro ambao wauzaji wa vitalu hawausemi. Tangu 2014 nchi yetu ina mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze, yule nondo mdogo anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Kumzuia kunahitaji neti, na neti yenye macho madogo hukaba upepo. Anayeongeza neti bila kuongeza ukubwa wa matundu amejijengea tanuri.

Usiku ni habari nyingine, hasa kwenye vilima vya Ngara vinavyopita mita 1,500. Kiangazi, Juni hadi Agosti, anga huwa tupu na ardhi hupoteza joto lake kwenda juu. Nailoni ya kawaida hailizuii joto hilo, na usiku usio na upepo ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje. Umande hutanda chini ya nailoni, hudondokea majani, na ukungu huanza. Kule Naivasha, nchini Kenya, shamba la maua la Oserian lilitumia joto la ardhini kukausha hewa ya usiku ndani ya vitalu vyake. Sisi hatuna joto hilo la ardhini. Kuni nazo nazikataa waziwazi. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka Daraja la Rusumo kwa siku moja hivi, kambi ya Benaco ikazaliwa huku Ngara, na wazee waliopo hapa waliona miti ya vilima vile ikiisha kwa kupikia. Wilaya iliyopitia hayo isikate mti kwa ajili ya kupasha miche joto.

Kinachobaki ni maji. Pipa la lita 200 lililopakwa rangi nyeusi, likipoa kwa nyuzi 6 usiku, hurudisha karibu uniti 1.4 za nishati. Mapipa yapangwe mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hufika likiwa limeinama. Lakini tupige hesabu kwa ukweli: mapipa 10 ndani ya nyumba ya mita za mraba 120 hayatoi hata wati 12 kwa mita ya mraba usiku wa saa kumi. Mapipa 6 kwenye kitalu cha miche cha mita 3 kwa 6 yanatoa karibu wati 47, na hapo tofauti inaonekana. Ndiyo sababu namshauri mkulima wa Ngara aanze na kitalu kidogo cha miche, akijenge kwenye mteremko, mbali na mabonde ya Ruvubu na Kagera ambako hewa baridi hujikusanya. Wa Biharamulo, kwenye joto zaidi, aweke fedha yake kwenye urefu wa nguzo na upana wa neti, mapipa ayaache.

Na kabla ya kununua hata mita moja ya nailoni, nunueni kipimajoto. Kitundikeni kivulini, kwenye kimo cha mmea, mkisome saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa kiangazi kizima mkiandika daftarini, kisha mleteeni bwana shamba daftari hilo akae na fundi wenu.