Pointi Sita za Kwenda Kutafuta Kazi Ujerumani

Msikilizaji, tangu Juni 2024 Ujerumani inatoa viza ya kutafuta kazi iitwayo Chancenkarte. Kwanza uwe na shahada, au cheti cha mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi, kinachotambuliwa na serikali ya nchi uliyosomea. Uwe pia na Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha kiwango cha B2. Hapo ndipo pointi zinaanza kuhesabiwa, na zinatakiwa sita.

Tumchukue fundi umeme wa miaka 32. Hajavuka 35: pointi mbili. Amefanya kazi ya fani yake miaka mitatu ndani ya mitano iliyopita: mbili nyingine. Zimebaki mbili, na Kijerumani cha B1 kinazileta. Umri huwezi kuurudisha nyuma, ndugu yangu, lakini lugha inasomeka. Tafuta darasa mapema.

Pesa ndizo zinazowakwamisha wengi. Lazima uonyeshe za kujikimu muda wote wa viza. Kwa 2025 zilikuwa yuro 1,091 kila mwezi, mara nyingi kwenye akaunti maalumu inayokutolea kiasi kila mwezi. Ukishafika, unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki huku ukisaka ajira.

Na wakala anayekwambia atakununulia pointi, mkimbie. Ubalozi unakagua vyeti vyako mwenyewe, kimoja kimoja.