Taya Likivimba, Tusiseme ni Jino Tu

Leo tuna neno moja tu, la watoto wetu.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto waliovimba mataya. Ilikuwa saratani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama imeuona uvimbe huo. Ikajulikana kwamba hupatikana zaidi penye joto, mvua na malaria, kama kwetu kando ya ziwa. Baadaye ikaonekana kwamba dawa huuyeyusha. Lakini ukiyeyuka, matibabu hayajaisha! Dawa zimalizwe.

Hayo yote yalijulikana kwa sababu ya watoto kama wetu. Basi ukiombwa mtoto wako aingie katika utafiti, usikimbie, wala usikubali kwa woga. Uliza: Mnatafuta nini? Kuna hatari gani? Una haki ya kukataa, na mtoto bado atibiwe.

Uvimbe huu hukua kwa siku chache, haungojei mavuno. Mama mmoja tuliyemjua aliungojea mwezi mzima kwa kukosa nauli. Mtoto tulimzika. Pesa za mzunguko zilikuwepo kwenye sanduku la kikundi. Yeye aliona haya kuomba, nasi hatukumwuliza.

Tusirudie. Kila mkutano, kabla ya kuhesabu pesa, tuulizane kwanza: watoto hawajambo?